Toa Mguu Kwenye Breki

Azzan kanipigia saa nne usiku:
Ami, ile mashine mpya ya Maabela ni salama kwa gari langu?
Anasema "gari langu" kama wenzake wasemavyo mchumba.
Jeusi. Nilimwonya tangu siku ya kununua:
mwanangu, nyeusi haifichi siri.

Mimi nimepiga rangi magari miaka thelathini na moja
pale Wadi Kabir, gereji ya nne kutoka msikitini.
Pua ilijaa thina, kucha zilivaa koti tatu tatu.
Ile vanishi ya juu kabisa, ikuoneshayo uso ukiinama,
ni nyembamba kuliko unywele.
Unywele mmoja, bwana we. Ndio mali yako yote.

Nikamwambia, brashi si adui.
Uliza nani alikutangulia.
Pikapu kutoka majangwani Sharqiya,
mchanga mpaka kwenye bawaba za milango.
Kabla yake, gari la mbuzi.
Brashi imewapokea wote na haikunawa,
sasa zamu yako.
Mchanga ni jiwe lililosahau ukubwa wake,
ukali halikuusahau.
Usiku hutaona kitu. Kesho, saa sita,
jua la Muscat litakufunulia vijiduara, vijiduara,
utando wa buibui boneti nzima.

Na ile isiyogusa, ya maji ya nguvu?
Haikwaruzi, lakini sabuni yake inakula nta,
na maji yakikaukia juu ya bati lenye moto
yanaacha chokaa, mviringo baada ya mviringo,
kama alama za vikombe kwenye meza ya watu wasiofuta.

Basi nioshe vipi?

Ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya kusuuza.
Kwanza maji mengi, mchanga uondoke wenyewe,
usiusukume.
Glavu ya sufi, anza paani, shuka.
Kivulini, alfajiri ikishatoka.
Na kitambaa kikianguka chini kimekufa, usikiokote.

Akashukuru, akakata simu.

Sikumwambia ya Jumanne.

Cressida yangu nimeipiga rangi mara tatu kwa mkono huu.
Rangi haina namba kwenye kitabu chochote,
Ghaniya ndiye aliyeipa jina: asumini ya jana.
Sasa bega limegoma, mkono haupiti kifua.
Ndoo mbili zipo barazani, moja kahamia mjusi.
Vumbi limelala mpaka mtoto wa jirani
kaandika matokeo ya mpira kwenye boneti, kwa kidole,
tatu kwa moja,
nami nikasikia kila punje ikipita chini ya kucha yake.

Nikaenda. Si Maabela. Mbali, Barka, nisikojulikana.
Kijana wa zamu, Shahjahan, kaniinamia dirishani:
Baba, funga kioo. Gia huru.
Toa mguu kwenye breki. Mikono, wacha.

Khaa. Mikono, wacha.

Gari likavutwa gizani na mimi ndani.
Povu la buluu likafunika kioo, kisha zile brashi,
kwanza ubavuni, kisha juu ya kichwa changu,
mshindo wa mvua ya bati.
Nilikuwa nahesabu hasara, panel kwa panel,
kama fundi. Kwenye mlango wa kushoto,
mlango wake, nikapoteza hesabu.
Tangu Ghaniya hakuna mtu aliyeniosheya kitu.
Hata kikombe.

Nje, Shahjahan alichomoa kitambaa mfukoni,
si kile cha kamba, kingine, safi, kimekunjwa mara nne.
Akafuta kioo cha pembeni polepole,
kutoka juu kushuka.
Nani kamfundisha, sikuuliza.
Nikampa riyali nzima nikaondoka kabla jua halijapanda.

Ijumaa Azzan anakuja kula.
Nitaliegesha kivulini.